Jeneza la Mbao za Maembe

Jeneza letu lilinukia maembe. Fundi wa jua kali karibu na stendi ya matatu mjini Machakos alilipigilia kwa mbao za makreti, yale yanayopakiwa maembe ya Masii na Mwala msimu ukifika. Hata baada ya kulipaka rangi nyeusi mara mbili, ukiinama kulibeba ulipata ile harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mwongozaji wa kikundi cha maigizo cha wanafunzi kumi na wawili, na nilikuwa nimeandika mchezo wa Ukimwi ambao niliamini kwa moyo wote ungeokoa maisha ya watu.

Hadithi yenyewe unaijua kabla sijaisimulia. Msichana anafika chuoni na sanduku la bati, anakutana na sponsa mwenye gari kubwa, ananunuliwa simu, anaanza kukohoa. Onyesho la nne amekonda. Onyesho la tano wavulana wanne wanaingia na jeneza mabegani, ngoma ya kilumi inavuma nyuma ya pazia la shuka, na mama mtu anajigaragaza sakafuni akimlilia mwanawe.

Tuliigizia mess, baada ya chakula cha jioni. Meza zilisukumwa ukutani na waliokosa viti wakazipanda. Sponsa alipoingia walishangilia. Msichana alipokohoa mara ya kwanza walicheka. Jeneza lilipopita katikati yao ukumbi mzima ulinyamaza, nami nikaupokea ukimya ule kama malipo ya kazi yangu.

Imenichukua miaka kuelewa ulikuwa ukimya wa nini. Mchezo ule uliwaruhusu watu kwenda kulala kwa amani. Aliyekufa alikuwa na sponsa, mimi sina. Alikuwa na tamaa, mimi nimetosheka na mkopo wa masomo wa HELB. Alikuwa mgeni wa mji, mimi mji naujua. Kila aliyekuwa pale alitafuta tofauti moja ndogo kati yake na marehemu, akaishika, akatoka nayo. Mtu aliyetishwa hutafuta kwanza pa kutokea, nasi tulikuwa tumemwachia milango chungu nzima.

Hofu ile sikuibuni mimi. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Kenya mwaka 1984, na Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, tarehe 25 Novemba 1999, sikuwa nimeanza darasa la kwanza. Kusoma nilijifunzia kwenye mabango ya mafuvu. Shule ya msingi tulikariri mashairi ya tamasha la muziki ambayo lazima yaishie kaburini, na mwalimu alitufundisha mahali pa kushusha sauti na mahali pa kufuta machozi. Kwenye matatu wimbo wa Princess Jully, Dunia Mbaya, ulipigwa hadi watoto wakaujua. Waliotoa maonyo hayo hawakukosea kuogopa. Watu walikuwa wakizikwa kila Jumamosi, na dawa za kupunguza makali hazikuanza kutolewa bure katika hospitali za umma hadi mwaka 2006. Kosa ni langu mimi niliyekichukua kifo cha mwaka 1999 nikakipandisha jukwaani mwaka 2015, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na vijana waliozaliwa na virusi, wakanywa dawa tangu utotoni, wakafanya mtihani wa kidato cha nne, wakaingia chuo kikuu. Wangeweza kuwa wamekaa mbele yangu. Niliandika kana kwamba hawapo.

Aliyetusahihisha kwanza alikuwa mama mmoja wa jikoni tuliyemwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata wale wenzetu waliotoka Busia na Nyeri. Asubuhi iliyofuata nilienda kumshukuru kwa kutuachia ukumbi. Alikuwa anasugua sufuria.

"Mwanangu," akaniambia, "ile ngoma mliipiga. Lakini kilumi ni cha kuponya. Mtu akisumbuliwa, wanawake wanampigia mpaka apate nafuu. Nyinyi mnampigia akishakufa. Mliona wapi?"

Mimi ni mtu wa Kathiani, nimekua nikiisikia ngoma hiyo kwa mbali usiku. Nilijua mdundo wake, kazi yake sikuijua. Nilijibu kwamba ni sanaa tu. Hakubishana nami. Aliendelea kusugua.

Kosa jingine lilikuwa hema. Mfadhili wetu alitaka watu wapimwe papo hapo, moyo ukiwa bado moto, kwa hiyo washauri walipiga hema nje ya mess, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya taa. Foleni ilikuwa ndefu na yenye kelele. Nilikuwa nikipita nikigawa maji nilipotambua kwamba wanafunzi walikuwa wakihesabu dakika. Kipimo cha kidole hutoa majibu upesi, na asiye na virusi hutoka baada ya maneno machache. Kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, mhudumu hupima tena kwa kipimo cha pili na hukaa na mtu huyo, kama inavyostahili. Foleni ilikuwa imeshajua hilo. "Huyo amekaa sana," mtu alisema, si kwa ubaya, kama anavyosema mtu kwamba mvua imekaribia. Kijana mmoja aliyekuwa wa tatu kutoka mbele alitazama simu yake, akajifanya ameitwa, akaondoka.

Usiku huo tulijaza fomu: waliotazama wangapi, waliopimwa wangapi, kondomu zilizogawiwa ngapi. Hesabu ilikuwa nzuri na mfadhili alifurahi. Kwa yule kijana fomu haikuwa na mstari.

Likizo ya Desemba nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya waelimishaji rika, na huko ndiko nilikosikia mara ya kwanza juu ya thieta ya sumaku. Shirika la PATH liliikuzia humu humu Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kanuni zake ni chache. Kikundi kinarudi mahali pale pale, siku ile ile, kwa watu wale wale, mpaka wazoeane. Mchezo haumalizwi. Unafikishwa pale mhusika anapobanwa, unasimamishwa, kisha mwezeshaji anawageukia watazamaji: sasa afanye nini? Anayejua haambiwi aseme. Anaambiwa apande, achukue nafasi ya mhusika, atende.

Mkufunzi alitaja jina la Augusto Boal wa Brazil, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akifundisha kwamba mtazamaji ana haki ya kuingia mchezoni. Mimi nilifikiria karibu zaidi. Nilikumbuka nilivyosoma kuhusu Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha: mzee haongei hivyo, kazi ya kiwandani haifanywi hivyo. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka huo huo. Nilikuwa nimeijibia mtihani habari hiyo na kupata alama nzuri, na sikuwa nimewahi kumwachia mtu yeyote asahihishe neno langu hata moja.

Januari 2016 tulianza upya. Niliandika onyesho fupi: chumba cha hosteli, wasichana watatu, saa tatu usiku. Mmoja wao anaishi na virusi na wenzake hawajui. Simu yake inalia, anachukua kopo la dawa, anameza, mwenzake anamwona. Hapo tungesimamisha. Kopo letu lilikuwa la vitamini, tukatia punje za maharagwe. Mwigizaji alisimama katikati ya jukwaa, akalitikisa mara mbili ili walio nyuma wasikie, akafungua.

"Hawezi kufanya hivyo."

Sauti ilitoka pembeni. Alikuwa msichana wa kikundi chetu, mpole, mtunza vifaa, ndiye aliyeigiza mama wa marehemu katika ule mchezo wa jeneza. Nimebadilisha mambo mawili matatu juu yake hapa ili asitambulike.

"Kivipi?" nikauliza.

"Kopo linalia. Chumba kizima kinasikia. Anatia pamba ndani. Ama anatoa za wiki moja, anazifunga kwa tishu, anaziweka kwenye kikopo cha Vaseline. Na simu haiwezi kulia hivyo. Anaiweka mtetemo."

Alikuja akachukua kopo mkononi mwa mwenzake. Akaketi kwenye benchi kana kwamba ni kitanda. Simu ya kuwaziwa ikatetemeka. Aliigusa mfukoni bila kuitazama. Akaendelea kucheka na wenzake sekunde chache, ili kuinuka kwake kusifuatane na simu. Kisha akachukua chupa ya maji na mswaki, akatembea kuelekea mlangoni bila haraka.

"Mswaki wa nini?" mtu akauliza.

"Hakuna anayemuuliza mtu anakwenda wapi akiwa ameshika mswaki."

Akarudisha kopo, akarudi kwenye vifaa vyake. Darasa tulilokuwa tukifanyia mazoezi lilinyamaza, na ukimya huu haukufanana hata kidogo na ule wa jeneza. Nilikuwa nimemfanya mtu huyu ajigaragaze sakafuni wiki baada ya wiki, alie juu ya sanduku jeusi, awaonyeshe watu kwamba mwisho wa mwenye virusi ni huu.

Nilitamani kumuuliza, na namshukuru Mungu sikumuuliza. Sheria yetu ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila idhini yake, lakini siku ile sheria haikunijia akilini. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa ametupa alichotaka kutupa, kwa kipimo alichokitaka yeye. Baadaye mwenzetu mmoja alipendekeza tumtafute mtu wa kutoa ushuhuda, kwamba ukumbi ungetetemeka. Kuna waliojitokeza wenyewe, na tunawadai heshima kubwa: Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, alisimama mbele ya nchi yake mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akiimba na kusema, akafariki Desemba mwaka huo. Lakini Lutaaya alijichagua. Mwanafunzi wa miaka ishirini ambaye kesho atapanga foleni ya chakula na watu wale wale hapaswi kuchaguliwa na mwongozaji anayetafuta ukumbi utetemeke. Nilikataa, na ndilo jambo ninalojivunia zaidi katika miaka yangu yote ya jukwaani.

Jeneza tulimrudishia fundi. Alilibomoa, akaongeza mbao chache, akatutengenezea dabodeka ya kuigizia, nyepesi, ya kubebwa na watu wawili. Rangi nyeusi ilibaki upande wa chini wa kitanda cha juu, mahali ambapo mtazamaji hangeweza kuona.

Tulikubaliana: kila Jumatano, mess, baada ya chakula. Hema hakuna. Washauri wangekuwepo siku nyingine, ofisini mwao, mahali mtu anapoweza kuwa amekwenda kwa shida yoyote.

Jumatano za kwanza zilinifundisha kwamba sikuwajua wenzangu. Onyesho moja lilihusu kondomu iliyopasuka Jumamosi saa tano usiku. Tulisimamisha na kuuliza. Kijana mmoja alipanda haraka, mwenye uhakika: asubuhi na mapema aende kemisti, anunue P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mambo yaishe. Makofi. Akapanda wa pili, akasema P2 hiyo hiyo ila anunue mwanamume. Makofi zaidi. Wa tatu akajadili bei. Mimba ilikuwa imeuchukua ukumbi wote. Ndipo msichana mmoja aliyekaa chini karibu na mlango akauliza, taratibu, "Na virusi je?"

Mwezeshaji wetu aliuliza nani amesikia kuhusu PEP, dawa za dharura za kuzuia virusi. Mikono iliyoinuka ilihesabika. Alichukua chaki akachora mstari ukutani: Jumamosi saa tano usiku mwanzo, Jumanne saa tano usiku mwisho. Saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza faida yake. Ukianza, unameza siku 28. Kisha akawarudisha kwenye mchezo: sasa ni Jumapili mchana, zahanati ya chuo katika hadithi yetu imefungwa, una shilingi mia mbili, unakwenda wapi na unasema nini dirishani? Nani anajua njia? Watu walibishana juu ya njia, bodaboda au miguu, mpaka wakafika Level 5, hospitali ya kaunti. Lakini hapo dirishani ndipo walipokwama. Wanafunzi sita walipanda mmoja mmoja kujaribu kulitamka ombi lile mbele ya mwigizaji aliyejifanya mhudumu mwenye uso mgumu. Wa kwanza alisema anaumwa na kichwa. Wa pili aliuliza kwa niaba ya rafiki. Wa tatu alicheka akashuka. Wa sita, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alisimama, akapumua, akasema: "Jana usiku kondomu ilipasuka. Nataka PEP." Maneno sita. Ukumbi ulimpigia makofi ambayo jeneza langu halijawahi kupigiwa.

Bango linaweza kumwambia mtu kwamba dawa ipo. Ulimi wenyewe unazoezwa wapi? Hata tamthilia nzuri za runinga hazifiki hapo. Wengi wetu tulikuwa tumeitazama Shuga ya mwaka 2009, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza Ayira, tukaipenda kwa sababu vijana wake walifanana nasi. Lakini runinga haikuulizi kitu, wala haikungoji utafute sauti yako.

Mambo yalikuwa yakibadilika kwa kasi miaka hiyo, nasi tukiyafuata. Mwaka 2016 nchi ilianza kumpa dawa kila anayepatikana na virusi bila kungoja kinga yake ishuke. Mwaka 2017 zikaja PrEP, dawa za kumkinga asiye na virusi, na kipimo cha kujipima mwenyewe kwa ute wa ufizi, majibu baada ya dakika ishirini. Kikionyesha virusi, unakwenda kituoni kuhakikisha. Kipimo hicho kilitatua lile tatizo la hema kuliko hotuba yoyote. Lililokuwa gumu kuaminiwa ni kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hadi wingi wa virusi usionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake. Tulilisema, wakatikisa vichwa kwa adabu. Siku moja kijana alipanda kuigiza mpenzi wa yule msichana wa dabodeka. Alijua la kusema na alilisema vyema: nakupenda, hainibadilishi kitu. Lakini alikuwa amesimama. Msichana alimwashiria aketi kitandani karibu naye, naye akaendelea kuzungumza wima, hatua mbili kutoka hapo, mikono mfukoni. Mwezeshaji hakumkosoa. Aliwauliza watazamaji wanaona nini. "Hajaketi," wakasema. Kijana akatazama miguu yake mwenyewe, kama mtu aliyeonyeshwa damu kwenye shati lake. Akaketi. Halafu, baada ya kitambo, akasogea.

Onyesho la saa tatu tulilicheza mara nyingi, na mtunza vifaa wetu hakuigiza ndani yake hata siku moja. Alikaa pembeni na kuangalia mswaki upo mahali pake. Mwaka 2017, Jumatano moja, umeme ulikuwa umekatika na tukaigiza kwa taa za simu. Tulichelewa kuanza, kwa hiyo saa tatu ya mchezo ikaangukia saa tatu yenyewe. Mwigizaji aligusa mfuko wake. Na huko nyuma gizani simu nyingine ikatetemeka juu ya benchi la mbao, mtetemo mrefu, grrr, ukasikika ukumbi mzima.

Hakuna aliyegeuka. Zaidi ya watu mia mbili walikaa wakitazama mbele, taa zao zikiwa zimeelekezwa jukwaani, na hakuna hata moja iliyorudi nyuma kutafuta. Mtetemo ukakoma. Nilisikia benchi likilia kidogo mtu alipoinuka, nyayo, mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa. Mwigizaji wetu, aliyekuwa amesimama na chupa ya maji mkononi, alingoja. Aliendelea kungoja mpaka mlango ulipofunguka tena na mtu akarudi kuketi. Ndipo akachukua mswaki.

Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na virusi. Kila nikiiona takwimu hiyo nasikia lile benchi.

Jumatano iliyofuata tulikuta meza zimeshasukumwa ukutani kabla hatujafika. Dabodeka ilikuwa imefutwa vumbi. Mwaitu alitoka jikoni akipangusa mikono kwa aproni, akauliza kama leo tuna mgonjwa. Nikamwambia tunaye, lakini anaendelea vizuri. Akavuta kiti karibu na ngoma, akaiinamisha magotini, na watu wakaanza kuingia.